Mataruma ya chuma: yadi ya Tabora juu ya ubao wa sentimita 170

Nilipokuwa mtoto nilizijua treni kwa masikio kabla ya kuzijua kwa macho. Nyumba yetu Tabora ilikuwa karibu na reli, na usiku, wakati mji umelala na mbwa wametulia, ilisikika ile sauti: go, go, go, go, go. Inaanzia upande wa kichwa cha treni, inakimbia behewa kwa behewa hadi mkiani, halafu kimya. Mama alikuwa anatwambia, "Laleni, baba yenu anaipanga ya Kigoma."

Baba alikuwa shanta. Kazi yake ilikuwa kukata mabehewa na kuyaunga upya, kila behewa lifuate njia yake. Anayeijua Tabora anajua kwa nini kazi hiyo haikuisha. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika kwetu 1912 na Kigoma 1914. Mwaka 1928 likafunguliwa tawi la Mwanza, na tangu hapo Tabora ikawa njia panda: kinachotoka Dar kinagawanywa hapa, sehemu iende magharibi, sehemu iende kaskazini. Abiria wengi wamepita Tabora usiku wakiwa wamelala. Walichokiona cha mji wetu ni mshtuko mdogo kitandani na sauti ya mtu anayepita nje na taa.

Mtu yule mwenye taa ndiye niliyetaka kumjengea kitu.

Nimejenga yadi ndogo ya mfano, ya kushanti, juu ya ubao wenye urefu wa sentimita 170 na upana wa 32. Ina njia tatu, pointi mbili (pale njia inapogawanyika), mabehewa manane na kichwa kimoja. Stesheni yenyewe sikuiweka. Najua wengi wangeanza na stesheni, kwa sababu ni jengo zuri na kila mtu anapiga picha mbele yake, lakini stesheni ni mahali pa kuagana. Treni yenyewe hutengenezwa kule nyuma, penye mafuta meusi chini na majani makavu kati ya reli, mahali ambapo abiria hana ruhusa ya kwenda.

Mpango wa njia sikuubuni. Ni wa Mwingereza aitwaye Alan Wright, na wapenzi wa reli ndogo duniani kote wanaujua kwa jina la Inglenook Sidings. Uzuri wake ni kwamba una hesabu ndogo ambayo haikubali kuongezwa wala kupunguzwa. Njia ndefu inaingiza mabehewa matano. Njia mbili fupi zinaingiza matatu kila moja. Kile kipande cha mbele, ambako kichwa kinavutia mabehewa ili kuyarudisha kwenye njia nyingine, kinatosha kichwa na mabehewa matatu tu. Hilo la mwisho ndilo linalokukaba. Ungekuwa na nafasi ya kuvuta manne, kazi ingekuwa nyepesi. Kwa kuwa ni matatu, unalazimika kufikiri kabla ya kushika swichi. Una mabehewa manane, unatakiwa kutoa matano kwa mpangilio uliopewa, na mipangilio inayowezekana ni 6,720. Nimekaa na ubao huu miezi mingi na bado unanisimamisha.

Upo mpango mwingine maarufu, wa Mmarekani John Allen, unaoitwa Timesaver. Ule unachezwa kwa kushindana na saa. Sikuutaka. Nimelelewa na shanta, na katika nyumba yetu neno "haraka" halikutajwa pamoja na neno "yadi".

Nilianza na vipimo, na hapo nilipata bahati. Shemeji yangu, aliyekuwa masomoni Ujerumani, aliniletea boksi la reli kuukuu za kipimo cha TT, pointi mbili na kichwa kidogo cha dizeli kisicho na bodi. TT ilipendwa sana iliyokuwa Ujerumani Mashariki, zikitengenezwa Berlin, na mpaka leo hupatikana katika masoko ya mitumba kwa bei ya kawaida. Upana kati ya reli zake mbili ni milimita 12. Sasa tazama: kwa kipimo cha 1:120, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 120, milimita 12 ni reli yenye upana wa milimita 1,435, yaani reli mpya ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Lakini reli yetu ya zamani ina milimita 1,000, na ukizigawa kwa 87 unapata 11.5. Kwa hiyo vyuma vilevile, nikijenga kila kitu juu yake kwa kipimo cha 1:87, vinakuwa Reli ya Kati. Nilipoliona hilo kwenye karatasi niliinuka nikazunguka meza.

Ubao wa kwanza nilitumia mbao za paini na plaiwudi ya bei rahisi. Nikauegemeza ukutani stoo, mvua zikaanza, nikashikwa na shughuli nyingine. Nilipourudia, niliuinua ukabaki nusu mkononi. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini, wakala moyo wa mbao wakaacha ganda lenye rangi yake nzuri. Baba alikuja kuangalia, akauvunja kwa vidole, akasema, "Wajerumani waliliona hili kabla yako." Akaniuliza kama nimewahi kuyatazama mataruma ya njia yetu, yale yanayolala chini ya reli na kuzishika.

Nilikuwa nimepita juu yake maisha yangu yote. Ni ya chuma. Nilidhani kila reli duniani ni hivyo, kumbe kwingi mataruma yalikuwa ya mbao. Waliojenga hapa walichagua chuma kwa sababu ya mchwa. Taruma la chuma lina umbo la mfereji uliopinduliwa, ncha zake zimekunjwa kwenda chini ili ziume kokoto na njia isiteleze kwa pembeni. Juu lina rangi ya kutu iliyokolea, kahawia inayoelekea zambarau, na katikati ya yadi, vichwa vinaposimama muda mrefu, limepakwa weusi wa mafuta.

Fundi seremala wa jirani alinipa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye vitanda, nikatengeneza fremu mpya. Mninga wa Tabora hauna haja ya kusifiwa. Lakini lile neno la Baba lilikuwa limeniingia. Reli za shemeji zilikuja na mataruma ya plastiki yenye mistari ya ubao, yamebanana kama meno ya kitana. Nikasema hapana. Mtu wa Tabora akiinama kutazama yadi hii, aone mataruma ya Tabora.

Nikazichomoa reli zote kwenye plastiki. Nikakata makopo ya soda kwa mkasi, vipande vya urefu wa milimita 21, nikavikunja kimoja kimoja juu ya ukingo wa rula ya chuma hadi vikapata umbo la mfereji, ncha nikazibana chini kwa koleo. Mia mbili na kumi na mbili. Nilifanya usiku, baada ya kazi, kwa wiki tatu. Nikavipaka rangi, nikavipanga kwenye ubao, nikalaza reli juu na kuzishika kwa supaglu. Zilipendeza mno. Ukifumba jicho moja na kutazama kwa chini, ulikuwa uko yadini saa kumi na mbili jioni.

Nikaunganisha betri ya pikipiki. Kichwa hakikusogea, waya ukapata moto, fyuzi ikakatika. Nikaweka nyingine, ikakatika. Ilinichukua jioni nzima kukubali kilicho wazi: katika reli ndogo, umeme unapita kwenye reli zenyewe, chanya upande mmoja na hasi upande wa pili, na mimi nilikuwa nimeziunganisha kwa vipande 212 vya bati. Niliitegemea rangi kukinga, lakini reli zilikuwa zimeikwangua palepale zilipolala. Shoti mia mbili na kumi na mbili.

Niliyang'oa yote. Sitasema haikuuma.

Nilichofanya baadaye ndicho ninachokishauri kwa yeyote anayetaka kujenga njia yetu. Mataruma nimeyakata kwa karatasi ya manila, nikayakunja kwa mtindo uleule, kisha nikayadondoshea supaglu nyepesi mpaka yakainywa. Ikikauka, manila inakuwa ngumu kama plastiki na haipitishi umeme. Halafu kila baada ya mataruma manane nimeweka moja lililokatwa kwenye ubao wa redio mbovu, ule wenye shaba juu. Shaba nimeikwangua katikati kwa kisu ili pande mbili zisiguse, na reli nimezichomelea hapo kwa pasi ya fundi redio. Hayo machache ndiyo yanayoshika upana, hayo mengine ni ya macho. Kipande cha mninga kilichochongwa milimita 12 kamili kinapita kati ya reli kila unapochomelea. Usiamini jicho lako katika hili, amini kipande.

Kokoto ni mchanga niliouchekecha kwa chujio la chai, mara mbili: kwanza kutoa mawe makubwa, kisha kutoa vumbi. Unaumwaga mkavu, unaupanga kwa brashi laini, halafu unaudondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Tia tone la sabuni ya vyombo, la sivyo gundi inakaa juu kama shanga na kuusukuma mchanga. Lile vumbi lililobaki usilitupe. Ndilo rangi ya Tabora, na hakuna kopo la dukani litakalokupa. Nimelinyunyiza kwa kidole juu ya kila kitu mwishoni: mataruma, matairi ya mabehewa, paa la ghala.

Paa hilo la ghala ni kopo la soda pia, na safari hii halina umeme wa kuogopa. Chukua boliti mbili ndefu zenye nyuzi, lalisha kipande cha kopo juu ya moja, kandamiza na kuviringisha kwa nyingine, bati linatoka na mikunjo yake. Kutu nimeichora kwenye misumari na pale mabati yanapopandana tu, kwa sababu ndipo maji yanapokaa. Kutu iliyopakwa kila mahali si kutu, ni rangi.

Miembe miwili nimeipa muda kuliko ghala. Tabora bila miembe si Tabora. Inasimama kando ya njia tangu zama za misafara ya Ujiji na Bagamoyo. Shina ni waya wa shaba uliosokotwa, majani ni sponji la godoro lililokatwakatwa na kupakwa kijani kilichoiva, karibu cheusi. Nilipomaliza, haikufanana na miembe. Ilikuwa miti ya kwenye picha za watoto, mviringo kila upande. Nikatoka nje nikaitazama miembe halisi kwa muda mrefu, ndipo nikaona: kwa chini imenyooka, kama imekatwa kwa panga la mtu mwenye kipimo. Ni mbuzi. Wanakula majani hadi wanapofika wakisimama kwa miguu ya nyuma, na juu ya hapo mti unaendelea na maisha yake. Nikachukua mkasi nikakata sponji sawa kwa chini, sentimita mbili kutoka ardhini. Palepale miti ikawa miembe.

Kichwa kimekuwa kazi ya kurudia mara kwa mara. Bodi ni manila, na ribiti zake nimezitoboa kwa sindano kutoka nyuma bila kuipitisha. Uzito ndio uliosumbua. Kichwa chepesi hakishiki reli, gurudumu linaruka kwenye vumbi, umeme unakatika, kinasimama juu ya pointi kama kimekataa. Ndugu yangu wa Kigoma alinitumia mfuko wa vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu za dagaa kutoka Kibirizi, nikazijaza ndani ya bodi hadi hapakuwa na nafasi. Sasa kinatembea kwa uzito. Nilinunua na kidhibiti mwendo kinachotuma umeme kwa mapigo mafupi mafupi, si kwa kuupunguza nguvu, ndiyo maana mota haifi kwenye mwendo mdogo.

Na mwendo ndio kila kitu. Kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, ukiugawa kwa 87 unakuwa sentimita 1.6 kwa sekunde. Yaani kichwa kinahitaji karibu dakika moja na robo tatu kuumaliza ubao wote bila kusimama. Wageni wananiambia kimelala. Mimi ndipo napumua. Kwa mwendo huo unaweza kuona mabehewa yakinyooka moja baada ya jingine, na ukitega sikio, go ndogo sana.

Kila siku kabla ya kuanza napitisha kitambaa chenye spiriti juu ya reli. Kiangazi, mwezi wa nane, napitisha mara mbili.

Baba alipokuja kushanti kwa mara ya kwanza, nilimwandalia kadi nane zenye namba za mabehewa. Ndivyo inavyochezwa: unachanganya, unavuta tano, unapanga treni kwa namba zilizotoka. Alizitazama, akaniuliza, "Hii nne inakwenda wapi?"

Nikamwambia haiendi popote, ni namba tu.

"Behewa lisilokwenda popote halishantiwi, mwanangu."

Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya kadi: Urambo, Mpanda, Nguruka, Uvinza, Kigoma. Akanieleza akiwa amesimama, kama aliyekuwa anamfundisha kijana wa siku ya kwanza. La Urambo likae nyuma ya kichwa, maana ndiko kwa kwanza: kichwa kinakatwa nalo peke yake, kinalisukuma njia ya pembeni, kinarudi kwenye treni yake. Ukiliweka la nne, utayakokota matatu yasiyohusika kila utakapokwenda. La Mpanda liende mkiani, kwa sababu Kaliua ndiko tawi la huko linakotokea. Unalikata unaliacha, kichwa cha tawi kinalichukua, nyie mnaondoka. Katikati wafuate wengine kwa vituo vyao, wa Uvinza wa chumvi, wa Kigoma wa ziwani. "Treni ni barua," alisema. "Unaipanga kwa anayesoma."

Tangu siku hiyo kadi za kuvuta zinaamua mabehewa yamekaaje mwanzoni tu. Mwisho ni uleule, wa vituo. Nimegundua hesabu imekuwa ngumu zaidi, na tamu zaidi, kwa kuwa kila kosa lina jina la mji. Siku moja nilimaliza nikaridhika, kumbe nimelipeleka la Urambo nyuma ya la Uvinza. Nikawaza watu wa Urambo, gunia la mtu limepita kituo chake mchana kweupe.

Mara nyingine nikiwa peke yangu nawaza vilivyopita katika yadi halisi. Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg ikiitwa Graf von Götzen, ilifunguliwa vipande, ikapakiwa masanduku na kuja kwa reli hii upande wa Kigoma, ikaunganishwa upya na kuingia ziwani mwaka 1915. Hakuna njia nyingine, masanduku yale yalipita Tabora. Kuna mtu aliyapanga, akatazama mbao tupu zenye namba, asijue kama ndani kuna ubavu wa meli.

Kitu cha mwisho kuwekwa kilikuwa watu. Kwa 1:87, mtu mzima ana urefu wa milimita 19 au 20. Nimewatengeneza kwa waya mwembamba na gundi: mama mmoja wa karanga nje ya uzio, kijana aliyekaa juu ya taruma kuukuu, na shanta mwenye kizibao cha njano na bendera ya kijani. Huyo shanta nilimfanyia kazi siku nne. Bendera yake ni kipande cha karatasi ya pipi. Nikamsimamisha katikati ya mabehewa mawili kwenye njia ndefu, mkono ukiwa kwenye kiungio, kwa sababu ndiyo picha iliyokuwa kichwani mwangu tangu utotoni.

Baba aliingia jioni. Nilimwamkia, akaitika, akainama juu ya ubao akiwa na miwani yake ya kusomea. Alitazama miembe, akagusa ile ncha iliyokatwa na mbuzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamwona yule mtu, na uso ukabadilika.

"Kichwa kimeungwa na haya?"

"Kimeungwa, Baba."

"Mtoe huyo mtu hapo."

Nikasema bado sijawasha umeme.

"Hapo hasimami mtu mpaka kichwa kimesimama na dereva amekuona kwa macho yake. Mtoe."

Baba alifanya kazi ile miaka mingi na kuna mambo ya yadini ambayo hajawahi kutusimulia nyumbani. Sikumuuliza. Alimshika yule mtu mwenyewe, kwa kucha mbili, akamtoa kati ya mabehewa, akamsogeza hadi kando ya wenzo wa pointi, hatua mbili kutoka relini. Akamgeuza kidogo, tena kidogo, mpaka uso ukaelekea dirisha la dereva na bendera ikaonekana.

Nikatia tone la gundi palepale alipomweka.